Kamba Moja, Mpiga Kasia Mmoja

Jina la yule mzungu sitalitaja hapa. Limeshatajwa vya kutosha. Liko kwenye bango la njia panda ya mji wa Baraka, liko kwenye fulana, liko kwenye kofia za wapanda pikipiki, na mwezi ule wa maandalizi hata watoto wa shule kwetu Swima walikuwa wakiliimba bila kujua kama ni la mtu au la dawa ya minyoo. Bibi zetu walimwita Bwana Kamba, kwa sababu alikuja na kamba ndefu yenye chuma kizito mwishoni, akaitumbukiza ziwani ili ajue maji yanaishia wapi. Jina hilo linamtosha.

Mimi ni Godelieve, Mama Roger. Naanika ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kwenye mchanga wa Swima tangu Roger hajaota meno, na sasa Roger ana mke. Walipounda komite ya kusherehekea miaka mia moja na hamsini ya msafara wa Bwana Kamba, waliniita niwe mwakilishi wa bamama. Nilivaa kitenge changu cha Pasaka, nikapanda pikipiki hadi Baraka, nikakaa kwenye ukumbi wa parokia mstari wa mbele. Ndipo nikagundua kwamba mwakilishi wa bamama maana yake ni mpishi. Waliniuliza kitu kimoja tu, sufuria kubwa ziko ngapi.

Mwenyekiti wa komite alikuwa Bonaventure. Huyu ni mukwe wangu, binti yake Nadège ndiye mke wa Roger. Kwetu mukwe si mtu wa kuchezea. Humkatizi maneno, humkatalii ombi, na kilio kikianguka kwake unafika, hata kama una homa, unakaa chini pamoja naye mpaka kilio kiishe. Yeye naye hivyo hivyo kwako. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililonifunga mdomo siku ile, na ndilo lililomfunga yeye baadaye.

Katibu alikuwa Patrice, mwalimu wa historia, kijana mpole mwenye miwani. Alizima taa, akaonyesha picha ukutani. Kwanza ramani. Kisha ziwa. Kisha rundo la mawe, kando ya maji, na juu yake mshale mwekundu.

"Hapa njo kwenye alisimamisha machine yake ya kupima," akasema. "Tutapakaa chokaa, tutasimamisha plaque ya jina yake, na wageni batapigia photo pale."

Nilisikia masikio yanawaka. Nililijua lile rundo kuliko ninavyolijua jiko langu. Kila mtoto anayezaliwa katika ukoo wetu, mama yake anakwenda pale na jiwe moja. Jiwe langu liko pale. La Roger liko pale, nililibeba mwenyewe na kitovu chake hakijakauka.

Nikasimama. "Ile ni kaburi."

"Kaburi ya nani, Mama Roger?"

"Ya Asukulu, babu ya babu yangu. Alikuwa anamupigia huyo muzungu yenu kasia. Kamba ilikwama kule chini, muzungu akamutuma ashuke kuifungua. Akashuka. Hakupanda tena."

Patrice akapekua makaratasi yake. "Mama, ile majiwe iko ndani ya kitabu. Muzungu aliandika ya kama alipima Swima, pembeni ya maji, juu ya majiwe."

"Majiwe gani? Swima yote ni majiwe!"

Watu wakacheka, na mukwe wangu akainua mkono kwa heshima zote. "Mukwe, tumekusikia. Tutaandika ndani ya procès-verbal ya mukutano."

Nikakaa. Kama angekuwa mtu mwingine ningeendelea, lakini ni mukwe. Nilikunja ncha ya kitenge mpaka vidole vikaniuma.

Nje, Patrice alinikimbilia. Sijui kama dhamira ilimsuta au alitaka tu nisiondoke na hasira. Alinionyesha fotokopi ya ukurasa mmoja wa kile kitabu, akaunyooshea kidole, akanifasiria. Bwana Kamba aliandika hivi: leo tumepoteza kamba yetu bora kuliko zote, na mpiga kasia mmoja.

Nilimwomba arudie. Akarudia. Kamba kwanza, tena kamba iliyosifiwa. Kisha koma. Kisha mpiga kasia mmoja, kama vile mtu anavyosema amepoteza kiatu kimoja.

Na kibaya zaidi, nilikuwa na kijitabu cha sherehe mkononi, kile alichokiandika Patrice mwenyewe. Nilifungua ukurasa wa nne. Mle, sentensi iliishia kwenye kamba.

"Juu ya nini ulikata?"

"Ni sikukuu, mama. Hatuwezi kutia mambo ya lufu, ya bantu kufa, ndani."

"Na jina yake?"

"Hakuandika jina. Nitaandika nani?"

"Jina iko hapa," nikamwambia, nikagusa mdomo wangu. "Uliza tu."

Akatabasamu kwa upole, na upole ule ndio uliniudhi kuliko kitu chochote. "Mama Roger, kinywa haiko archive."

Wiki iliyofuata, siku ya soko, nilikwenda Baraka na magunia mawili ya ndagala. Waliichagua siku hiyo kusudi, najua. Niliporudi mchana jua likiwa bado kali, nilikuta mawe yetu yamepangwa mstari mmoja mrefu kama ua wa ofisi, meupe yote kwa chokaa. Sikuweza tena kutambua lipi langu na lipi la mwanangu. Na pale yalipokuwa rundo, palikuwa na shimo.

Ndani ya shimo, lililomfika kifuani, alikuwa Roger. Ana koleo mkononi.

Mwanangu nampenda. Lakini siku ile, kama ningekuwa na nguvu za zamani, ningempiga na koleo lile lile.

"Toka mule."

"Mama, sikiliza kwanza..."

"Toka!"

Akatoka. Alikuwa amevaa fulana ya sherehe. Kwenye igizo la ule msafara walimpa nafasi ya kumpeleka mzungu majini, na mgongoni wamemwandikia: PAGAYEUR 3, mpiga kasia wa tatu. Sikuwa nimeiona fulana hiyo kabla. Nilisoma mara mbili. Wamemtoa mkubwa wetu kitabuni, halafu wamemchukua mjukuu wake acheze nafasi ile ile, na yeye naye bila jina.

"Babamukwe njo alisema tuchimbe," Roger akasema, sauti ndogo. "Kwa kuakikisha. Ningekatala namna gani? Na mi nilifikiri ni muzuri. Nilifikiri tutapata mifupa, bataona, batakuomba radhi mbele ya bantu yote. Lakini mama, haiko kitu. Tulishuka mupaka kwa maji. Haiko hata jino moja."

Na hapo hasira yangu ikapata mtu wa pili wa kumkasirikia, na mtu huyo ni mimi.

Kwa sababu sikuwahi kumwambia. Asukulu hakuonekana. Ziwa hili halirudishi kila linachochukua. Mama yake alingoja siku kadhaa ufukweni, kisha wakafanya kama ukoo wetu ulivyofanya siku zote kwa mtu aliyepotea majini au porini: walikata mgomba, wakaupima kwa urefu wake, wakauvika nguo yake, wakaulaza kwenye mkeka, wakauita kwa jina lake, wakaulilia, wakauzika. Na mgomba ukishavikwa na kuliliwa, si mgomba tena. Ni yeye. Kuanzia saa ile ni mwiko kuutaja. Ukisema ni mgomba, umemfukua kwa mdomo wako. Bibi yangu aliniambia mara moja tu, akiwa kitandani karibu kufa, na akaniziba mdomo kwa kiganja kabla sijajibu.

Ndiyo maana mwanangu alichimba akitafuta mifupa. Kilichozikwa pale kilioza kabla babu yangu hajazaliwa. Sikumweleza kitu siku ile. Nilimwambia akalete maji anawe, nikabaki nimekaa ukingoni mwa shimo, miguu ikining'inia.

Komite iliketi tena siku ya Jumatano. Sherehe ilikuwa Jumamosi. Nilikwenda bila kitenge cha Pasaka.

Bonaventure alisoma ripoti ya uchimbaji, polepole, kama anasoma tangazo la ndoa. Kina, mita moja na nusu. Matokeo, mchanga. Kisha akanitazama kwa huruma. "Mukwe, usikasirike. Tulitaka kukusaidia. Haiko muntu mule."

Basi nikasema. Mungu anisamehe, Asukulu anisamehe, nilisimama mbele ya watu ishirini na kuvunja kilichofungwa kwa kiganja cha bibi yangu. Nilisema tulizika mgomba. Nilisema uliitwa nani. Nilisema ulivaa nini.

Patrice, akiwa hana nia mbaya, na huo ndio ubaya wake, akasema, "Sasa mama, ile haiko kaburi ya muntu. Ni kaburi ya ndizi."

Wakacheka. Ukumbi mzima. Mtu mmoja nyuma akauliza kama ilikuwa ndizi za kupika au za bia, wakacheka upya. Mukwe wangu hakucheka kwa sauti, lakini niliona mabega yake yakitikisika.

Nilitoka. Sikukimbia. Nilitembea, na nilipokuwa natembea nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: nimemfukua. Wao walitoa mchanga tu. Mimi ndiye niliyemtoa yeye. Na aliyefukuliwa hawezi kuachwa hivyo hivyo juani.

Nje ya soko nilimkuta Nyiramana akifunga vyombo vyake vya maziwa. Nyiramana ni mwanamke wa milimani, anatoka kwa wafugaji. Watu wa upande wangu na watu wa upande wake wametendeana mambo ambayo sitaki kuyaandika, lakini mimi na yeye tumebadilishana maziwa na samaki kwa zaidi ya miaka ishirini, na mwenye neno juu ya hilo aje aniambie usoni. Nilimsimulia yote, nikitukana kila baada ya neno la tatu. Nilimaliza na kaburi la ndizi.

Hakucheka. Alifunga kifuniko cha kibuyu, akakifungua, akakifunga tena.

"Mi nilizika koti," akasema.

Nilijua kwamba mume wake Sebasaza alikwenda upande wa Lulimba na hakurudi. Sikujua habari za koti.

"Batoto bangu banaendaka pale kuomba," akasema. "Kama bale bantu ya komite banasema ndani ya shimo yako haiko muntu, basi na ndani ya yangu haiko. Si njo vile? Na ndani ya ngapi tena, hapa Fizi yote?"

Akabeba vyombo vyake. "Utamuzika tena siku gani?"

"Kesho kutwa."

"Nitashuka."

Ijumaa asubuhi nilikata mgomba nyuma ya nyumba yangu. Urefu wake niliupima kwa Roger, kwa sababu wanaume wote wa ukoo wetu ni warefu vile vile. Nilimwambia alale chini, akalala, sasa akiwa anajua yote, na machozi yakamtoka kuelekea masikioni. Tuliuvika shati lake jeupe. Tukaulaza kwenye mkeka, tukaufunika kitenge changu cha Pasaka. Nadège, mke wake, akaingia, akatazama, akavua hereni zake akaziweka mezani. Mwanamke wa Kibembe, kabila letu, akivua hereni mbele ya mkeka, huna haja ya kumwambia alie.

Tulitoka nyumbani tukilia. Nakiri, nilipanga kilio kile kama mtu anavyopanga ugomvi. Nilijua kwamba pale Swima, ukibeba mtu kwenye mkeka, hakuna anayekuuliza kibali. Pikipiki zilizima. Wanawake waliokuwa wakigeuza ndagala waliacha, wakafunga vitenge kiunoni wakajiunga. Wavuvi walivua kofia. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mkekani kuna nini, kwa sababu wote wanajua. Nyiramana alikuwa ameshafika, amesimama ukingoni mwa shimo na vijana wake wawili.

Ufukweni walikuwa wanafanya mazoezi ya mwisho. Mtumbwi umepakwa rangi, spika zimefungwa kwenye miti, mzungu wa igizo, ambaye ni fundi radio wa Baraka, amevaa kofia pana, mkononi ana kamba mpya ya nailoni. Muziki uliendelea kidogo, kisha mtu akauzima mwenyewe bila kuambiwa. Penye kilio, muziki unazimwa. Wapiga kasia namba moja, mbili na nne walishuka mtumbwini wakaja kutusaidia kubeba. Namba tatu, Roger wangu, alikuwa tayari ameushika mkeka, upande wa kichwa.

Tulimshusha. Tulimfunika kwa mchanga ule ule. Mawe meupe tuliyabeba moja moja kutoka kwenye mstari wao, chokaa ikatuchafua mikono. Nyiramana alichukua jiwe lake mwenyewe alilotoka nalo milimani, akaliweka, akasema jina la mume wake kwa sauti ya chini. Baada yake mwanamke mwingine akafanya hivyo, kwa kaka yake aliyekwenda kuchimba dhahabu Misisi. Kisha mwingine. Sikuwa nimewaomba. Kisha tukatandika mikeka, tukakaa chini, kama inavyotakiwa: siku tatu. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Na palipo na kilio hakuna ngoma, hakuna spika, hakuna mtumbwi wa maonyesho.

Adhuhuri likaja lori kutoka Baraka limebeba ile plaque, saruji nzito yenye jina lile ambalo silitaji, herufi za dhahabu. Dereva alishuka, akatazama mikeka, akavua kofia, akaniuliza kwa adabu, "Mama, ile plaque tuiweke wapi?"

"Ndani ya maji," nikamwambia. "Kamba yake iko kule chini. Ashuke mwenyewe akaitafute."

Hakuna aliyecheka. Dereva alirudi kwenye lori akakaa.

Kisha akaja Bonaventure, na Patrice nyuma yake amekumbatia faili. Mukwe wangu alikuwa amevaa suti. Alisimama mbali kidogo, jasho linamtiririka, akitazama spika zake, mtumbwi wake, na binti yake Nadège amekaa mchangani bila hereni. Nilimwona akipiga hesabu kichwani. Angeweza kusema ni upuuzi. Angeweza kusema ni ndizi, kama Jumatano. Lakini binti yake alikuwa analia, mkwewe wa kiume alikuwa analia, na watu mia mbili walikuwa wanamtazama mukwe kama atakaa au hatakaa.

Alivua viatu. Alikuja mpaka kwenye mkeka wangu, akapiga goti kwa shida, akakaa chini na suti yake.

Desturi inataka anayefika aseme pole na amtaje marehemu. Akainamisha kichwa. "Pole, mukwe. Pole kwa familia. Tumepoteza..." Akakwama. "Tumepoteza mupiga kasia..."

"Jina," nikasema.

Akanitazama. Nilimtazama bila kupepesa. Heshima ya mukwe nilikuwa nayo yote, nilimpa mkeka, nilimpa nafasi ya kivulini, na nilikuwa tayari kumwacha akae pale na sentensi nusu mpaka Jumapili.

"Asukulu," akasema.

"Bale ya nyuma habasikie."

"Asukulu," akasema kwa nguvu, na sauti ikamkatika katikati.

Watu wakaitikia. Patrice, bado amesimama, alifungua faili lake, akatoa kalamu, akaandika kitu. Sikumuuliza ni nini.

Na mimi, niliyekuja na kilio kama mtu anayekuja na fimbo, nilianza kulia kweli. Nilimlilia kijana wa watu aliyetumwa kufuata kamba. Nilikuwa na jiwe juu ya kaburi lake maisha yangu yote, na nilikuwa sijawahi kumlilia hata mara moja.